Bolti za Kiraka

Kazini walimwita Nyundo, na hakuna aliyekumbuka tena jina lililoandikwa kwenye barua yake ya ajira. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka hamsini na miwili, mwenye mabega ya mtu aliyezoea kunyanyua vitu vizito, na alikuwa mkaguzi wa daraja kwa upande wa jimbo lao. Kila asubuhi alivaa buti, akaning'iniza nyundo ndogo kiunoni, akaenda kugonga vyuma na kutega sikio. Bolti iliyokaza hulia kali na mlio wake hukatika upesi. Iliyolegea hujibu kama mtu aliyeamshwa usingizini.

Alikuwa pia mtu wa shaka. Maziwa aliyanusa mara mbili kabla ya kuyamimina kwenye chai. Fundi bomba akija nyumbani, alisimama nyuma yake tangu anafungua begi la vifaa mpaka analifunga. Mumewe, fundi cherehani mwenye kibanda karibu na stendi, aliwaambia wateja kwamba siku ya ndoa yao mkewe alimwomba mfungishaji kitambulisho.

Shaka hiyo hakuizua hewani. Baba yake alikuwa nahodha wa pantoni, enzi ambazo mto ule ulivukwa kwa chombo cha chuma kilichovutwa kwa waya mnene kutoka ng'ambo hadi ng'ambo. Kwa miaka mingi majimbo mawili yalikaa yakitazamana kando ya maji yale, kila moja likitaka daraja lianzie kwake. Mwisho wakakubaliana kwa namna ya watu wasiopatana: kila jimbo lijenge nusu yake, kwa mafundi wake na vyuma vyake, wakutane katikati. Upande wa kina Nyundo ulipakwa rangi ya kijivu, wa pili kijani kibichi.

Walipokutana katikati, nusu mbili zile hazikulingana. Zilipishana kwa upana wa vidole vinne. Hakuna aliyekubali kwamba kipimo kilichokosewa ni chake, kwa hiyo wakaleta mabamba manene ya chuma, wakaunganisha zile nusu kwa bolti arobaini na nane, ishirini na nne kila upande, kisha wakachora mstari mweupe barabarani juu yake na kukata utepe. Watu hawakukawia kupaita mahali pale Kiraka.

Nyundo alikuwa na miaka tisa. Baba yake alimshika mkono, akamshusha chini ya ukingo, akamwonyesha kwa kidole pale juu, kijivu kinapokutana na kijani.

"Umepaona?" alimuuliza. "Pale hawakuelewana. Usije ukasahau."

Pantoni lilivutwa nchi kavu, likaliwa na kutu. Mji ukahamia darajani. Hospitali kubwa ilikuwa upande wa kijani na soko upande wa kijivu, kwa hiyo asubuhi wagonjwa na wauza mboga walipishana kwenye njia ya miguu wakipeana pole na habari za bei. Malori ya saruji yalipita kutwa. Polisi wa jimbo moja hawakuruhusiwa kuvuka mstari, na vibaka walilijua hilo kuliko mawakili. Mmoja aliwahi kusimama hatua tatu ng'ambo ya mstari, akafunga kamba za viatu vyake taratibu huku askari wakimtazama. Wazazi walioachana walikutana pale kila Ijumaa jioni kukabidhiana watoto, na walipenda mstari ule kwa sababu hakuna aliyelazimika kwenda kwa mwenzake.

Nyundo aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na miwili, kufagia mifereji ya daraja. Watu walidhani amefuata mshahara. Yeye alisema amekwenda kuliangalia lile daraja kwa karibu, kwa sababu halikumwingia moyoni. Alipanda polepole mpaka akawa mkaguzi, na fomu ya ukaguzi ya kila baada ya miezi mitatu ikawa na sahihi yake.

Upande wa pili kulikuwa na mkaguzi mwenzake. Alikuwa mwanamume mrefu, mwembamba, mwenye kofia ya kitambaa iliyopauka. Kwa miaka kumi na moja walikuwa wakionana karibu kila siku, yeye upande wake na huyu upande wake, na salamu yao ilikuwa kuinua mkono tu. Nyundo alimpachika jina la Kimya. Mtu asiyesema, alimwambia mumewe, ana kitu anachokificha.

"Au hana la kusema," mumewe alijibu, sindano ikiwa mdomoni.

Mambo yalianza Jumatatu moja ya kiangazi. Chini ya daraja kulikuwa na njia nyembamba ya wakaguzi, yenye sakafu ya mabati, na kando yake upande wa kijivu zilining'inia fremu za chuma za kubebea bomba la maji. Bomba lenyewe halikuwahi kuwekwa, kwa sababu majimbo yalishindwa kukubaliana maji yataanzia wapi. Fremu zilibaki, kila moja imefungwa kwa bolti nne nene. Siku hiyo Nyundo aliona fremu moja ina bolti tatu. Akasogea. Iliyofuata pia ina tatu. Akahesabu fremu saba, kila moja imepungua bolti moja, na tundu zilikuwa safi, bila kutu, kama meno yaliyong'olewa jana.

Machale yakamcheza. Wezi wa vyuma chakavu aliwajua. Wale hung'oa vyote na kuacha mtu aanguke. Huyu alichukua moja moja ili fremu zisitikisike, na alikuwa na spana ya kipimo kile. Huyu ni mtu wa kazi, alijiambia. Mtu wetu.

Akaenda kwa mkuu wa kituo, mwanamume mnene aliyependa kikao kuliko kazi.

"Bolti saba zimeibwa," alisema.

"Za wapi?"

"Za fremu za bomba."

Mkuu alicheka mpaka kiti kikalia. "Bomba lenyewe halipo, Nyundo! Tuite polisi waje kulinda maji yasiyopita?"

Nyundo alitoka akimshuku na mkuu. Kwa nini amecheka haraka vile? Wiki ile hakumwacha mtu. Alimtazama fundi rangi kwa jicho la pembeni, akafungua kisirisiri sanduku la vifaa la fundi wa kuchomelea, akakuta spana ndogo, chupa ya chai na pilipili mbili. Alikwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, akapekua lundo lake mbele ya wateja, mpaka mwenyewe akamwambia, "Mama, kama unanishuku sema, usiniharibie biashara kwa kupekua kama kuku." Hakukuwa na bolti hata moja.

Ndipo akaamua kuziwekea alama. Kwenye kibanda cha msusi, jirani wa mumewe, aliomba chupa ya rangi ya kucha, nyekundu iliyokolea, na asubuhi iliyofuata akatia nukta ndogo kwenye kichwa cha kila bolti iliyobaki kwenye fremu. Mumewe aliikuta ile chupa kwenye mfuko wa koti lake.

"Miaka ishirini na saba ya ndoa," alisema, "sijawahi kukuona na rangi ya kucha. Hii ya nani?"

"Ya kazini."

"Ya kazini," mumewe alirudia, akaichungulia chupa kwenye mwanga. Kwa siku mbili alikuwa mpole kupita kiasi, na Nyundo, badala ya kucheka, akajiuliza kwa nini mume wake amekuwa mpole.

Jumatatu mbili zilipita, na bolti tisa zenye nukta zikawa zimeondoka. Zote, aligundua, zilitoweka kati ya Alhamisi na Jumatatu. Ijumaa mchana kituo chao kizima kilikuwa kwenye kikao cha wiki. Nani alijua hilo zaidi ya wao wenyewe? Mtu yeyote aliyeweza kuwaona wakiondoka darajani kila Ijumaa. Mtu aliyesimama upande wa pili, kimya, mkono juu.

Sasa akampata. Ilibaki kumkamata.

Ili kufika katikati kwa chini, ilimbidi apite mahali ambapo sakafu ya njia ya wakaguzi ilikuwa imeliwa na kutu. Miaka mitatu nyuma alikanyaga pale, bati likakatika, goti la kulia likapinda, na mguu ukaning'inia juu ya maji mpaka wenzake wakamvuta. Aliomba mabati mapya, akaambiwa asubiri. Tangu siku ile hakuvuka tena pale. Lakini Jumatatu hiyo hasira ilikuwa kubwa kuliko hofu. Alipiga magoti, akashika mhimili kwa mikono yote miwili, akatambaa kwenye chuma kitupu, maji yakimetameta chini ya tumbo lake, mpaka akafika Kiraka.

Akanyoosha shingo kutazama upande wa kijani. Nukta nyekundu ya kwanza aliiona palepale. Halafu ya pili. Bolti zake tisa zote zilikuwa pale, zimefungwa vizuri kwenye bamba la jirani, nyekundu juu ya kijani.

"Nimekupata, mwizi wee," alisema kwa sauti.

"Shikamoo, dada," sauti ikamjibu.

Kimya alikuwa amesimama hatua nne mbele yake, kofia mkononi. Nyundo alishtuka nusura aachie mhimili. Akajivuta kwenye sakafu ya upande wa kijani, akasimama.

"Umevuka mstari, dada," mwanamume yule alisema. Hakusema kwa ukali.

"Wewe umeuvuka mara ngapi?"

"Ijumaa sita."

Nyundo alikuwa amejiandaa kwa uongo. Ukweli hakuutarajia. "Bolti zangu hizo," alisema, akizinyooshea kidole. "Nimezitia alama."

"Alama nimeziona siku ileile. Ningetaka, ningezikwangua kwa ukucha." Akavaa kofia yake. "Nilizigeuza zitazame upande wenu. Nikasema, huenda mtu akaja."

"Uongo huo. Ulitaka mtu, si ungeniita?"

"Nimeandikiwa barua, dada, nisizungumze na wafanyakazi wa upande wenu mambo ya daraja. Ninyi hamkuandikiwa?"

Walikuwa wameandikiwa. Ilikuwa ya siku nyingi, kutokana na ugomvi wa rangi za daraja, na Nyundo alikuwa ameichana.

"Piga," Kimya alimwambia, akionyesha nyundo iliyokuwa kiunoni mwake.

Aliifungua polepole, bila kumpa mgongo. Alimpima: mrefu, mwembamba, kona hii hakuna anayewaona. Halafu akagonga bolti ya kwanza yenye nukta. Ikalia safi. Ya pili safi. Akagonga isiyo na nukta, iliyo kando yake, na mlio aliousikia aliufahamu kabla mkono haujashuka. Ulikuwa mzito, umezama, kama kugonga ubao uliolowa. Akagonga nyingine, ikaitika vilevile.

Kimya aliinama, akavuta kutoka nyuma ya mhimili mfuko wa gunia, akaufungua. Ndani zilikuwamo bolti kumi na sita zilizokatika shingoni, sehemu ya mkato ikiwa nyeusi kwa kutu ya zamani.

"Hizi zimetoka hapa," alisema. "Niliandika kazini kwetu mara tatu. Wakanijibu kwamba bamba lilichongwa kwenu, hivyo Kiraka ni chenu. Nikatafuta bolti za kipimo hiki mji mzima, hakuna. Ni za zamani. Zilizobaki ni hizo za bomba lenu. Nikachukua zisizobeba kitu, nikazileta zinapobeba malori." "Ni wizi. Najua. Na upande wako, dada, zinaliaje?"

Swali hilo lilimpiga Nyundo kuliko lilivyokusudiwa. Kwa miaka mitatu, kila fomu, kwenye mstari wa Kiraka, alikuwa ameandika "salama". Alikuwa anasimama kwenye ukingo wa sakafu iliyokatika, akitazama kwa mbali, akaandika. Alikuwa ameshuku watu wote wa pande mbili za mto, na sahihi iliyodanganya ilikuwa yake.

Alitambaa kurudi hadi upande wa kijivu. Alizigonga zote ishirini na nne, moja moja. Kumi na moja zilikuwa mfu. Mbili alizizungusha kwa vidole vyake mwenyewe. Juu ya kichwa chake lori lilipita, na kwa mara ya kwanza aliona kwa macho yake bamba likisogea, kidogo tu, likarudi.

Mchana ule alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha mumewe. Alikaa kwenye kigoda cha wateja, akamweleza kila kitu, mpaka sahihi, mpaka ile chupa ya rangi ya kucha. Mumewe alishusha pumzi ndefu aliposikia habari ya chupa, akajitia kukohoa.

"Sasa unafikiri nini?" aliuliza.

"Nafikiri ananitega. Nikitoa taarifa, wataanza na fomu zangu. Yeye ataonekana shujaa, mimi nitaonekana mzembe."

"Na usipotoa?"

Nyundo aligeuka kutazama nje. Barabarani, wanafunzi wa zamu ya mchana walikuwa wakielekea darajani, wamejaza njia ya miguu.

"Mke wangu," mumewe alisema, "mwaka huu umemshuku mkuu wako, fundi rangi, mnunuzi wa vyuma, na mimi nimo. Hebu mtu mmoja umwamini, japo kwa siku moja. Ukikosea, utarudi kwenye kawaida yako."

Alirudi darajani saa tisa. Alimkuta Kimya amesimama juu, kwenye mstari mweupe, kama mtu aliyekubaliana naye saa. Hawakuwa wamekubaliana.

"Tufunge," Nyundo alisema. "Malori na mabasi. Watu wa miguu wapite."

"Hatuna ruhusa."

"Hatuna."

Akaburuta kizuizi cha chuma cha upande wake, Kimya akaburuta cha upande wa pili. Baada ya nusu saa misururu ya malori ilikuwa imefika sokoni huku na hospitalini kule. Madereva walishuka wakitukana kwa lugha zote walizozijua. Mmoja alimuuliza Nyundo ni nani amempa mamlaka, naye akamjibu, "Sijapewa. Kaa chini, kunywa maji." Ambulensi ilipofika waliwabeba wagonjwa kwa machela na kuwavusha kwa miguu, madereva wale wale waliokuwa wakitukana wakishika pembe.

Ndipo wakuu wawili wa vituo wakaja. Kwa miaka yote ile hawakuwahi kukutana uso kwa uso. Sasa walisimama kila mmoja upande wake wa mstari mweupe.

"Fungua kizuizi," mkuu wake Nyundo alisema. "Kiraka si chetu."

"Si chetu pia," mkuu wa pili alisema haraka.

Nyundo alichukua bolti mbili zilizokatika kutoka kwenye gunia la Kimya, akampa kila mmoja ya kwake mkononi. "Basi chukueni," alisema. "Nusu kwa nusu. Mkikubali lori lipite sasa hivi na ninyi mmesimama hapa juu, nitafungua."

Mkuu wake aliitazama bolti ile, akaitazama lami chini ya viatu vyake. Halafu akarudi nyuma hatua tano, na mwenzake naye akarudi. Kizuizi hakikufunguliwa.

Wahandisi walikuja, wakagonga, wakapima, wakaandika. Daraja lilifungwa kwa magari wiki saba. Mabamba yalitolewa, yakawekwa mapya, na bolti zote arobaini na nane zikabadilishwa. Baadaye kikaitwa kikao cha uchunguzi kwenye ukumbi wa idara, watu wanne mezani, wawili kutoka kila jimbo.

Walimuuliza Nyundo kuhusu fomu. Angeweza kusema bolti zililegea ghafla. Fundi rangi alimshauri hivyo, na mkuu wake alimwonyesha kwa macho. Alisema, "Fomu kumi na mbili nilisaini bila kufika. Niliogopa kuanguka, na niliona aibu kusema naogopa."

Wakamuuliza ni nani aliyeiba bolti za bomba.

"Hazijaibwa," alisema. "Zimehamishwa hatua thelathini. Zilikuwa daraja hilohilo."

"Zilivuka mpaka wa jimbo."

"Mpaka huo umechorwa kwa rangi, mheshimiwa. Daraja likianguka halitaangukia upande mmoja."

Mmoja wa wajumbe alicheka, mwingine hakucheka. Uamuzi ulikuja baada ya mwezi. Nyundo alivuliwa ukaguzi, akarudishwa kwenye mifereji, kazi aliyoanza nayo ujanani. Kimya alipewa onyo kali, akahamishiwa kituo cha barabara, mbali na mto, safari ya saa mbili kwa basi. Wakuu wawili walibaki kwenye viti vyao. Ikaundwa kamati ya pamoja ya kusimamia Kiraka; ilipokutana mara ya kwanza ilijadili mabamba mapya yapakwe rangi gani, ikaahirisha.

Nyundo alilia siku moja tu, kibandani kwa mumewe, uso akiufuta kwa kipande cha kitambaa cha shati la mtu. Kisha akachukua ufagio. Uchungu wa kushushwa cheo ulikuwepo, hakuuficha. Lakini alisema usingizi wake ulikuwa umepona, na kwamba miaka mitatu ile alikuwa akiamka amekunja ngumi bila kujua ni kwa nini.

Miezi minne baadaye, Jumapili, yeye na mumewe walipanda basi kwenda kumtembelea Kimya, aliyekuwa amewaalika nyumbani kwake. Njiani Nyundo hakuacha kuuliza: kama wamekosea njia, kama dereva amelala vizuri, kama mwaliko ule ulikuwa wa kweli au wa adabu tu. Walipokelewa mlangoni na mke wa mwenyeji, mwalimu mwenye sauti ya darasani, aliyewakumbatia wote wawili.

"Ninyi mlimwita Kimya?" aliuliza, akashika kiuno. "Huyu? Humu ndani hatupati nafasi ya kusema! Anaongea tangu anavua viatu mpaka anavivaa."

Na kweli. Walipokaa mezani, mwanamume yule alizungumza kwa saa tatu: kuhusu vyuma, mvua, wahandisi, babu yake aliyewahi kuvuka mto ule kwa pantoni akiwa na mbuzi aliyekula tiketi ya nahodha. Mumewe Nyundo alicheka mpaka akashika mbavu. Nyundo alisikiliza, akiuliza swali hapa na pale, akipima majibu kama kawaida yake, na mara mbili alimkamata akiongeza chumvi na kumwambia waziwazi.

Jioni waliondoka na mfuko wa mayai kutoka kwa mke wa mwenyeji. Ndani ya basi Nyundo aliufungua, akayageuza mayai moja moja kwenye mwanga wa dirisha, huku mumewe akimtazama.

"Ni mazima?" mumewe aliuliza.

"Ni mazima," alisema, akaufunga mfuko, akauweka mapajani.